Maganda ya Ndizi Harusini: Watoto wa Kike Watundu Katika Katuni za Kwanza za Magazeti

Februari 23, 1935, wasomaji wa jarida la Saturday Evening Post huko Marekani walifungua ukurasa wakakuta mchoro mmoja. Ni harusi. Mtoto wa kike anapita katikati ya kanisa, kazi yake ni kuwamwagia maarusi maua njiani. Kumwaga anamwaga kweli, tena kwa utulivu wa mtu aliyepewa dhamana na anaijua thamani yake. Ila anachomwaga ni maganda ya ndizi.

Huyo ndiye Little Lulu, na aliyemchora ni Marjorie Henderson Buell, mwanamke wa Pennsylvania aliyezoea kutia saini yake kwa neno moja tu, Marge. Ukiuliza leo ni nani msichana mtundu wa kwanza katika historia ya katuni, wengi watakutajia Lulu. Jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, Lulu alizaliwa jaridani, wala si gazetini. Pili, alipotokea, watoto wa kike watundu walikuwa wameshapita katika magazeti ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Walikuwepo, wakachekesha, wakasahaulika.

Kusahaulika kwao hakukutokana na udhaifu wa wachoraji wao. Katuni ya gazeti ilizaliwa na kanuni yake, na kanuni ile ilikatwa kwa kipimo cha mvulana. Kila aliyetaka kumweka msichana pale ilimbidi atafute upenyo. Ukizifuata penyo hizo moja baada ya nyingine, utaelewa kwa nini Lulu anamwaga maganda kwa uso mkavu kiasi kile, na kwa nini msichana mwingine, mweusi, aliyekuja miaka 10 baada yake, alipewa mdomo mkali kuliko wote.

Turudi New York ya miaka ya 1890. Joseph Pulitzer ana gazeti lake la New York World, William Randolph Hearst amenunua New York Journal mwaka 1895, na wawili hao wanagombania wasomaji usiku na mchana. Silaha yao mpya ni mtambo wa kuchapa rangi, na mahali pa kuionyesha rangi hiyo ni kurasa za vichekesho za toleo la Jumapili. Katika World, Richard Outcault anachora Hogan's Alley, uchochoro wa maskini uliojaa watoto, na kati yao anajitokeza kijana mwenye kipara na kanzu ya njano ambaye umma unampachika jina la Yellow Kid. Hearst akamvuta Outcault kwake mwaka 1896. Wasichana wamo tele katika uchochoro ule, tena hawako nyuma kwa fujo. Lakini wamo kama umati. Anayekumbukwa kwa jina ni Liz, na hata yeye anakumbukwa kwa kuwa alikuwa kipenzi cha yule wa kanzu ya njano.

Kisha, Desemba 12, 1897, Journal likaanza kuchapa The Katzenjammer Kids, kazi ya Rudolph Dirks, kijana mzaliwa wa Ujerumani. Hans na Fritz, ndugu wawili, walitokana na Max na Moritz, watundu wa Kijerumani aliowachora Wilhelm Busch mwaka 1865. Hapa ndipo kanuni yenyewe ilipokamilika. Katika kisanduku cha kwanza cha mchoro watoto wanapanga. Visanduku vinavyofuata wanatega kamba, wanamwaga gundi, wanalipua baruti. Mtu mzima anaanguka. Kisanduku cha mwisho mama yuko na fimbo, na watoto wamelazwa magotini wanapiga kelele.

Kiboko kile cha mwisho kilikuwa na kazi kubwa kuliko kuchekesha. Kilikuwa risiti. Msomaji amecheka kisanduku hadi kisanduku kwa kumwona mtu mzima akidhalilishwa, na sasa deni linalipwa: utundu umeadhibiwa, heshima ya nyumba imerudi, baba anaweza kumpa mwanawe ukurasa bila dhamiri kumsumbua. Bila risiti ile mhariri angeandamwa na wazazi. Hata ilipokuwepo aliandamwa, kama tutakavyoona.

Sasa mweke msichana mahali pa Hans. Visanduku vya mwanzo havina taabu, kwa maana msichana anaweza kutega kamba vilevile. Taabu iko mwishoni. Familia za tabaka la kati za wakati ule, zilizokuwa zikinunua gazeti la Jumapili na kwenda kanisani siku hiyohiyo, zilimtaka binti awe safi, mkimya, na mfano wa kuigwa na kaka zake. Kumchapa matakoni hadharani, kwa rangi nne, kulikuwa jambo lingine kabisa machoni pao. Na kutomchapa ni kusema kwamba utundu wake umekubalika. Nionavyo mimi, fundo lote liko hapa. Msichana aliweza kutenda kila kituko. Alichokosa ni mwisho.

Kabla hatujawanyooshea kidole Wamarekani, tujiangalie na sisi. Wajanja tuliorithi kwenye hadithi ni Abunuwasi na Sungura, na sijawahi kusikia kwamba Abunuwasi alikuwa na dada aliyemzidi akili. Magazetini tukawa na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa kule Kenya, baadaye Kingo wa James Gayo. Wote wanaume. Nawapenda wote, na ni wao waliotufundisha wengi wetu kulifungua gazeti kwa kutafuta katuni kwanza. Lakini nafasi ya mtoto wa kike mjuvi iko wazi hapo, na uwazi wake unafanana sana na ule wa New York ya mwaka 1900.

Outcault ndiye aliyelikaribia fundo kisha akalipita pembeni. Mei 4, 1902, katika New York Herald, alianza Buster Brown. Ni mtoto wa nyumba ya kitajiri, nywele zimechanwa, suti ya kupendeza, na balaa lake si dogo kuliko la watoto wa uchochoroni. Kiboko kipo, lakini Outcault alikiongezea kitu: mwishoni Buster anaandika azimio, ukurasa mzima wa ahadi na mafunzo, ambayo wiki inayofuata anayavunja yote. Kando yake yuko Tige, mbwa wake, na msichana aitwaye Mary Jane. Outcault alikuwa na binti mwenye jina hilohilo. Mary Jane wa katuni anaona kila kitu, wakati mwingine anashiriki, na anacheka. Kalamu ya azimio hapewi. Hana la kutubu, kwa hiyo hana lake.

Alichopewa badala yake ni viatu. Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya St. Louis, Outcault aliuza haki za kutumia wahusika wake kwa makampuni mengi, mojawapo likiwa kampuni ya viatu ya Brown. Kiatu chenye mkanda mmoja juu ya unyayo, ambacho katika katuni kilivaliwa na Buster na Mary Jane wote wawili, kikabaki na jina la msichana hadi leo. Viatu vyeusi vya mkanda wanavyovaa mabinti wa shule Dar es Salaam na Mombasa, mafundi na wauzaji wa dunia bado wanaviita Mary Jane. Kituko chake hata kimoja hakikumbukwi.

Wakati huohuo, wanawake wawili walikuwa wakilishughulikia fundo lilelile kwa mkono wa karibu zaidi.

Wa kwanza ni Mary Williams, mzaliwa wa Oakland, California, aliyejulikana magazetini kwa jina la Kate Carew. Alikuwa mhoji na mchoraji wa sura za watu maarufu, mwenye jicho kali. Mwaka 1900 alimchora na kumwandika Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani, kwa ajili ya New York World. Mwaka 1902 gazeti hilo likaanza kuchapa katuni yake, The Angel Child, yaani Mtoto Malaika. Jina lenyewe ndilo mlango wa kutokea. Mtoto ni msichana, matendo yake si ya kimalaika hata kidogo, na watu wazima waliomzunguka ndio wanaoaibika. Kwa kumwita malaika tangu kwenye kichwa cha habari, Carew aliwageuzia wazazi kioo. Aliyejidanganya kuhusu binti ni nani, kama si wao waliomwita hivyo? Kicheko kikahama kutoka kwa anayevunja kwenda kwa anayeamini. Napenda kufikiri kwamba mwandishi aliyekula mkate wake kwa kuwatazama wakubwa wakijipamba mbele yake alijua vizuri sana anachokifanya.

Wa pili ni Grace Gebbie wa Philadelphia, aliyetia saini kwanza kwa jina la mume wake wa kwanza, Wiederseim, kisha la wa pili, Drayton. Miongoni mwa kazi zake za awali katika magazeti ya Hearst kulikuwa na Naughty Toodles, na neno la kwanza la jina hilo maana yake ni mtundu, bila kuficha. Baadaye alichora Dolly Drake na Bobby Blake, na pamoja na dada yake Margaret Hays, aliyetunga maneno, akatoa katuni kadhaa za watoto. Mlango wake ulikuwa sura. Watoto wa Drayton wana vichwa vya mviringo, mashavu kama maandazi yaliyoumuka, macho makubwa yanayotazama pembeni, miguu mifupi iliyonenepa. Ukimwona mtoto wa namna hiyo ameharibu kitu, mkono uliokwenda kuchukua fimbo unarudi wenyewe. Macho yale ya pembeni ni kazi ya ustadi, maana mtoto anayetazama pembeni ni mtoto anayejua alichofanya. Utundu wote umo katika mboni, na uso uliobaki unaapa kwamba hauhusiki.

Lakini sura ya kupendeza ina gharama. Mwaka 1904 watoto wa mashavu wa Drayton walianza kutangaza supu ya Campbell, na miaka iliyofuata wakawa mashuhuri kuliko katuni zake zote. Mwaka 1913 akaanza kuchora mwanasesere wa karatasi, Dolly Dingle, katika jarida la Pictorial Review, mamia ya magauni ya kukata na kumvika. Mtoto wa kuvishwa si mtoto wa kutega kamba. Upole ulioingizwa ili kuulinda utundu uliishia kuumeza. Simlaumu Drayton, ambaye alijipatia riziki kwa kalamu katika biashara ya wanaume hadi alipofariki mwaka 1936. Nalalamikia tu kwamba watu wengi wanaiona supu na hawamwoni Toodles.

Kuna msichana mwingine wa miaka ile ambaye kila nikimfikiria moyo unanibana. Anaitwa Hungry Henrietta, Henrietta Mwenye Njaa, na alichorwa na Winsor McCay, fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake, katika New York Herald kuanzia Januari hadi Julai 1905. Zilitoka sehemu 27 tu. Henrietta anaanza akiwa mtoto mchanga, na tofauti na watoto wengine wa katuni wanaobaki na umri uleule miaka 50, yeye anakua mbele ya macho yetu, takriban miezi mitatu kila wiki.

Kila sehemu ni ileile. Watu wazima wanamzonga: shangazi, wajomba, bibi, kila mmoja anataka kumbeba, kumrusha, kumchekesha, kumpiga picha. Mtoto anachoka, analia. Hakuna anayemuuliza analilia nini. Wanamletea chakula. Kisanduku cha mwisho Henrietta yuko peke yake, mdogo, anakula. Miezi inapita, anaanza kukitafuta chakula mwenyewe, anafungua makabati, anamaliza vya wageni, na sasa familia inasema ana tabia mbaya. Sisi tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na McCay ameichora methali hiyo bila kuandika neno lake hata moja. Amechukua kanuni ya katuni ya utundu akaipindua: mtoto ni yeye anayetendwa tangu kisanduku cha kwanza, na kile kinachoitwa utundu wake ni alama ya yale aliyofanyiwa. Kiboko hakina pa kutua. Miaka 120 baadaye mzazi yeyote anayemnyamazisha mtoto kwa biskuti ataona aibu kidogo akizitazama kurasa zile.

Katikati ya haya yote, kelele dhidi ya katuni zilikuwa zimepanda. Mwaka 1908 gazeti la Boston Herald liliziondoa kabisa kurasa zake za vichekesho vya Jumapili. Januari 1909 jarida la Ladies' Home Journal liliziita kurasa hizo jinai dhidi ya watoto wa Marekani. Malalamiko yalikuwa kwamba watoto wanafundishwa kuwadharau wakubwa. Hans na Fritz walikuwa wameshaota mizizi mirefu mno kung'olewa. Mhariri anapotaka kupunguza moto, hata hivyo, haanzi na anayeuza sana. Miaka ya 1910 inatuachia wavulana wengi na wasichana wengi wa kupendeza, na muongo uliofuata ukaleta mabinti wakubwa wa nywele fupi na mitindo, ambao utundu wao ulikuwa wa mapenzi na ofisi. Hao ni habari nyingine.

Mtoto wa kike alirudi kwa kupitia msiba. Agosti 5, 1924, gazeti la Daily News la New York lilianza Little Orphan Annie ya Harold Gray. Inasimuliwa kwamba Gray alipeleka kwanza wazo la mvulana yatima, na mkuu wa gazeti, Joseph Patterson, akataka avishwe sketi. Gray mwenyewe alieleza baadaye kwamba wakati ule kulikuwa na katuni kama 40 zenye wavulana kama wahusika wakuu, na tatu tu zenye wasichana. Tatu kwa 40. Hesabu hiyo inasema zaidi ya ufafanuzi wangu wote.

Gray alieleza pia kwa nini alimfanya yatima: ili asiwe na familia ya kumfunga, awe huru kwenda atakako. Upenyo mpya ndio huo. Kama tatizo la msichana mtundu ni mama aliyeshika fimbo kisanduku cha mwisho, muondoe mama. Annie anajibu watu wazima anavyotaka, na akichokozwa na mvulana anamtandika ngumi, na hakuna wa kumtolea hesabu. Wala hatumuoni mtundu, tunamuona jasiri, kwa sababu yatima anayepigana anajitetea. Gray alipata alichotaka, lakini aliwaambia mabinti waliokuwa wakisoma kwamba ili uwe huru namna ile, kwanza nyumba yako ife.

Nancy wa Ernie Bushmiller aliingia kwa mlango wa jirani. Januari 1933 alikuja kumtembelea shangazi yake, Fritzi Ritz, binti wa mitindo ambaye katuni ilikuwa na jina lake. Mgeni hakuondoka. Kufikia mwaka 1938 katuni imebadilishwa jina na kuwa Nancy. Shangazi si mama, mamlaka yake yamelegea, na kitoto kile chenye nywele za miba kikapata nafasi ya kupindua mantiki ya dunia kwa ufundi wa kihandisi. Wavulana wa kawaida wanaharibu vitu. Nancy anavitumia vitu kwa kazi ambayo havikutengenezewa.

Sasa turudi kanisani kwa Lulu.

Saturday Evening Post lilikuwa na katuni ya mvulana mkimya mwenye kipara, Henry, ya Carl Anderson. Hearst alipomchukua Anderson, jarida likabaki na pengo na likamwendea Buell. Alikuwa na umri wa miaka 30 na alishachora kwa miaka mingi, akiwa ameuza katuni yake ya kwanza angali kijana wa shule. Alichagua msichana, na alieleza sababu kwa maneno ya wazi: msichana anaweza kufanya vituko vya kijeuri ambavyo, vikifanywa na mvulana, vitaonekana ukosefu wa adabu tu. Isome tena sentensi hiyo kwa kuilinganisha na tulikotoka. Kwa miaka 40 adabu inayotarajiwa kwa msichana ilikuwa kizuizi. Buell aliiona kama silaha. Kwa kuwa hakuna anayemtegemea msichana mdogo aliyevaa gauni kufanya ubaya, hakuna anayemlinda.

Angalia jinsi maganda ya ndizi yanavyofanya kazi. Hans na Fritz wangejificha nyuma ya benchi na kutega kamba. Lulu hajifichi. Amepewa kikazi chenye heshima, na anakitimiza: apite, amwage. Kila sehemu ya desturi imefuatwa, isipokuwa kitu kimoja kimebadilishwa. Huwezi kumshika, maana ukimuuliza atakuambia alitumwa kumwaga. Huu ni utundu wa kujifanya hamnazo, na watoto wa kike duniani kote wanaujua, maana ndio uliobaki kwa mtu asiyeruhusiwa kupiga kelele. Michoro mingi ya Buell haikuwa na mazungumzo. Lulu hacheki, haombi radhi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wenyewe, maarusi na wasimamizi wanaoteleza, Buell alimwachia msomaji autimize kichwani. Kisanduku cha kiboko hakipo kwa sababu mchoro ni mmoja tu. Katika umbo lile la mchoro mmoja, risiti haikudaiwa tena.

Buell alishikilia haki za mhusika wake, jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati huo hawakuweza, na alizisimamia kwa umakini. Lulu alimaliza safari yake katika Post mwishoni mwa 1944, akatangaza karatasi laini za Kleenex kwa miaka mingi, akaingia sinema. Mwaka 1945 akaanza kuonekana katika vitabu vya katuni vilivyotungwa na John Stanley. Pale wavulana wana kibanda chao chenye bango la kukataza wasichana, na sehemu kubwa ya maisha ya Lulu ni kukizunguka kibanda hicho, kukiingia, na kuwaacha wenye bango wakiwa wamelowa. Sitashangaa kama Stanley alilichora bango lile akijua historia yote niliyoieleza.

Mvulana aliyegeuzwa msichana bila mabadiliko mengine alikuja pia, ili tujue ingekuwaje. Jimmy Hatlo alikuwa na katuni ya kila siku kuhusu kero za maisha, na ndani yake akazaliwa Little Iodine, aliyepata ukurasa wake wa Jumapili Julai 4, 1943. Jina ni la dawa ya kidonda inayochoma. Baba yake, Henry Tremblechin, ni karani mwoga, na kila siri anayoisema sebuleni kuhusu bosi wake, Bigdome, Iodine anaifikisha kwa bosi. Mara nyingi mwisho wake ni kichapo, kilekile cha mwaka 1897. Iodine anachekesha, sikatai. Lakini ukimweka karibu na Lulu unahisi pengo, kwamba huyu amepewa nguo za msichana na hadithi ya Fritz.

Nimewaacha watoto weusi hadi hapa kwa makusudi. Katika kurasa za Jumapili za mwanzo walikuwepo, wakiwa na midomo iliyovimbishwa na lugha iliyovunjwavunjwa. Outcault mwenyewe, kabla ya Buster Brown, alichora Pore Lil Mose, mvulana mweusi, kwa mtindo huo. Mtoto wa kike mweusi mwenye akili na gauni zuri hakuwa na ukurasa kwenye magazeti ya Pulitzer wala Hearst. Alikuja kupata ukurasa katika gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, mwaka 1945, na mchoraji wake alikuwa Jackie Ormes.

Ormes, mzaliwa wa Pennsylvania mwaka 1911, alishachora katika Courier mwaka 1937 hadithi za Torchy Brown, msichana wa kijijini anayekwenda New York. Patty-Jo 'n' Ginger ilikuwa mchoro mmoja kila wiki. Ginger ni dada mkubwa, mrembo, amevaa kama jarida la mitindo, na hasemi kamwe. Patty-Jo ana umri wa miaka kama mitano au sita na hanyamazi. Anazungumzia shule za kibaguzi, kodi, kamati za bunge zilizokuwa zikiwasaka wakomunisti, bei ya vitu. Mtu mzima mweusi aliyeyasema hayo hadharani Marekani ya wakati ule alijiweka hatarini. Kwa kweli shirika la upelelezi, FBI, lilikuwa na jalada la kurasa 287 juu ya Ormes. Mtoto, je? Mtoto kasema tu. Ule upenyo wa Lulu, kwamba hakuna anayemtegemea msichana mdogo kuwa hatari, Ormes aliutumia kupitisha mambo mazito zaidi ya maganda.

Na kama Mary Jane alivyogeuka kiatu, Patty-Jo naye aligeuka bidhaa, ila hapa bidhaa haikuumeza ujuvi. Kuanzia 1947 hadi 1949 ilitengenezwa sanamu yake, mwanasesere mweusi mwenye uso wa kibinadamu na kabati la nguo za kisasa, wakati wanasesere weusi waliojaa madukani walikuwa watumishi na vituko. Ormes alihusika mwenyewe kuupaka rangi uso wa mwanasesere huyo.

Agosti 1955 Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, mji alioishi Ormes, aliuawa huko Mississippi kwa kudaiwa kumpigia mluzi mwanamke mzungu. Mwezi uliofuata wauaji waliachiwa huru na baraza la mahakama la wazungu watupu. Oktoba 8 Courier lilitoka na Patty-Jo akitokea jikoni. Anamwambia dada yake kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kuudhika, lakini lile birika dogo jipya, jeupe, limempigia mluzi sasa hivi.

Ginger, kama kawaida yake kwa miaka yote 11 ya katuni ile, hakujibu.